Wiki Niliyoacha Kumtania Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema ukweli. Mtu akiniuliza Jumamosi mchana mbona nafunga duka mapema, namjibu, "Naenda darasani, nasoma saikolojia." Akiuliza ya nini, namwambia, "Nataka kujielewa." Basi! Hapo umeshampa mtu wa Bariadi kazi ya wiki nzima. Kwetu mtu asiyejielewa ni yule anayekunywa mshahara wote kabla haujafika nyumbani, au anayenunua gari na watoto wamefukuzwa ada. Sasa mimi, mwanamke mzima mwenye steshenari yake na mashine ya fotokopi inayoheshimika hadi ofisi za mkoa, nasimama barabarani kutangaza kwamba sijielewi.

Mama anayeuza chapati pembeni ya duka langu alicheka mpaka akaunguza moja. "Heee! Yaani dada umejigundua mwenyewe? Sisi tulikuwa tunaona aibu kukwambia." Madereva wa bodaboda pale kijiweni wakaanza kuniita Saiko, na wanaendelea hadi leo. Wateja nao wakawa wanaleta kitambulisho cha kutoa kopi pamoja na ndoto ya kutafsiriwa. Mmoja alinionyesha picha ya mchumba wake kwenye simu, akataka nimwambie kama ana roho nzuri. Nilimwambia ana paji la uso la mtu anayekopa. Akaondoka ameridhika kabisa.

Mnaona tabia yangu? Nina mdomo. Jambo likinigusa, kabla halijafika moyoni nimeshalitupia mzaha. Niko hivyo tangu utotoni, na watu wananipenda kwa hilo, harusini wananikalisha meza ya mbele. Lakini siku moja rafiki yangu, ambaye ni nesi, tukiwa tunakula mishikaki, aliniambia, "Wewe hata ukilia unachekesha. Sijui siku ukiwa na shida ya kweli tutajuaje." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anachovya mshikaki kwenye pilipili. Mimi nikacheka, nikamjibu jambo la kipuuzi, tukaendelea kula. Ila lile neno lilinikaa. Nilipoona tangazo la kozi ya saikolojia kwa watu wazima, cheti mwishoni, masomo Jumamosi, nikajiandikisha kabla sijapata muda wa kujitania.

Darasa letu lilikuwa la ajabu kidogo. Kulikuwa na katekista, walimu wa shule za msingi, mgambo mmoja ambaye hakuwahi kuvua kofia, na mimi. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Dar, mpole, shati limechomekewa vizuri hata kwenye joto la mchana. Siku ya kwanza alituuliza, "Mnajisikiaje?"

Tukajibu kwa pamoja, "Salama!"

"Sikuuliza habari zenu. Nimeuliza mnajisikiaje."

Tukatazamana. Katekista akajitolea kwa niaba yetu sote. "Tunajisikia salama, mwalimu."

Ilituchukua majuma kadhaa kutoka hapo. Lakini niseme haki, nilipenda. Nilipenda kujua kwamba hasira yangu ya asubuhi kwa mashine ya fotokopi mara nyingi ni hasira ya jana yake kwa mtu. Nilipenda hata maneno yenyewe. Siku tuliyofika kwenye kinga za nafsi, mwalimu akaeleza kwamba mtu akiogopa kuumia hutafuta pa kujificha: mmoja hujificha nyuma ya ukali, mwingine nyuma ya kazi, mwingine nyuma ya mzaha. Aliposema mzaha, darasa zima liligeuka kunitazama. Hata mgambo.

Ndipo akatupa zoezi. Kila mmoja aweke chini kinga yake kwa wiki moja, mbele ya mtu wake wa karibu kabisa. Mkali awe mpole. Mchapakazi akae. Mwenye mzaha aseme mambo kama yalivyo. Akatufundisha na namna ya kumsikiliza mtu: unamtazama, unapunguza sauti, unarudia alichosema ili ajue umemsikia. Akaniuliza mtu wangu wa karibu ni nani. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, bibi.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, kwa sababu bibi yangu alikuwa anakuwa kipofu na hataki kutibiwa.

Bibi huyu ni mama yake mama, anaishi Zagayu, kwenye mji alioachiwa na babu, pamba upande huu, mahindi upande ule. Jicho lake la kushoto liliingia ukungu tukadharau, tukasema ni uzee, hadi likafa. Kisha la kulia likaanza safari hiyohiyo. Mganga wa zahanati alilimulika akasema ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa operesheni ndogo tu, lakini jicho lisichelewe kama lile jingine. Na bahati ilitufuata: madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bariadi kuweka kambi mwisho wa mwezi. Bibi akakataa. Mara kuku wake atamwachia nani. Mara ameota babu akimkataza. Mara akasema jicho la Mkristo halichokonolewi. Mjomba wangu, mwanawe, ambaye anauza dagaa Lamadi, alimbembeleza kwa simu hadi salio likaisha. Wapi! Wakati huohuo bibi alikuwa ameshika sufuria ya motoni akidhani ni ya maji, na kiganja chake kilikuwa kimebabuka chote. Nilipokiona kile kiganja niliogopa kweli. Nilijua kambi ile ikipita, bibi yangu ataishi gizani hadi kufa kwake.

Basi nikaona zoezi la mwalimu limekuja kwa wakati. Nitakwenda Zagayu, nitaacha mzaha, nitamsikiliza kisaikolojia, ataniambia anachoogopa, nitamtuliza, tutapanda gari. Nilijiona mtaalamu.

Ninachotakiwa kueleza ni kwamba kwetu bibi na mjukuu ni watani, na hilo si suala la kupenda au kutopenda. Babu alipokuwa hai mimi nilikuwa mke wake mdogo, kwa hiyo bibi ni mke mwenzangu, na wake wenza wana haki ya kuchambana. Kwa kawaida nikifika Zagayu naanza kupiga kelele tangu kwenye mikatani ya mpakani mwa mji wake. "Wewe kikongwe, bado unamaliza ugali wa watu? Sanda niliyokununulia inaliwa na panya!" Naye hujibu kutoka ndani, "Ivae wewe, mke mdogo usiyejua kusonga! Mume wetu alikuoa kwa kuhurumia!" Majirani wakisikia hivyo wanajua mjukuu wa Bariadi amefika, kila kitu kiko sawa, wanaendelea na palizi.

Siku ile nilishuka kwenye bodaboda kimya. Nikapita kimya. Nikavua viatu mlangoni, nikapiga hodi kwa adabu, nikapiga hodi tena, nikaingia na kupiga magoti.

"Shikamoo bibi."

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Ungo ukasimama hewani. "Nani?"

"Ni mimi bibi. Mjukuu wako."

"Sauti ni yake," akasema polepole, "maneno si yake."

"Ni mimi. Nimekuja kukuona. Unajisikiaje leo?"

Akauweka ungo chini. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi."

"Mjomba wako."

"Mjomba mzima!"

"Umemwona leo?"

"Leo sijamwona, yuko Lamadi, lakini..."

"Hujamwona."

Nikakumbuka mafunzo. Nikapunguza sauti, nikamtazama, nikarudia. "Bibi, nasikia una wasiwasi."

Sauti ile ndiyo iliyoharibu. Mtu wa kwetu anaijua, ya chini, ya kubembeleza. Ni sauti ya wale wanaotumwa kupeleka habari ya msiba. Hawasemi moja kwa moja. Wanakuuliza hali, wanakuzungusha, wanakuomba ukae. Na mimi, mwenzenu, kwa ujuha ambao hauna cheti, nikamwambia, "Bibi, kaa kwanza. Nikuletee maji unywe?"

Yowe alilopiga lilisikika nadhani hadi kisimani.

Jirani yake alifika wa kwanza, jembe begani, kanga ameshaifunga kiunoni. "Ni nani?" akauliza. Bibi akalitaja jina la mwanawe huku anajipiga mapaja. Mimi nikawa nasema hapana, hapana jamani, hakuna msiba, lakini nani anamsikiliza mjukuu aliyechanganyikiwa kwa majonzi? Jirani akampigia mjomba simu. Haipatikani. Akatikisa kichwa akawatazama wengine. Haipatikani! Sasa mlitaka ushahidi gani zaidi? Akina mama wa jumuiya wakaanza kuingia uani. Mikeka ikatandikwa. Mtu akaleta kuni, mtu akaleta sufuria kubwa ya uji. Wazee wakavuta viti kivulini wakaanza kupanga watasafirishaje mwili kutoka Lamadi. Mama mmoja akaeleza kwa uchungu jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu, jinsi hakuwahi kuja mikono mitupu, na wengine wakaitikia. Mimi niliyemfahamu mjomba wangu vizuri nikaanza kushangaa anazungumziwa nani.

Nilitamani kucheka, nilitamani kulia, na nilikuwa nimekatazwa kinga.

Kisha simu yangu ikaita. Ni mjomba. Alikuwa ameizima ili aichaji, kuiwasha anakuta pole zimejaa.

"Wewe mtoto," akasema, "hebu niambie, nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Nikaweka sauti kubwa. Mjomba akawasalimia waombolezaji wake mmoja mmoja, akauliza uji ni wa mtama au wa mahindi. Uani pakalipuka vicheko, akina mama wakakumbatiana, na kwa kuwa kuni zilishawashwa, uji ukapikwa na ukanywewa. Hakuna aliyeona haja ya kupoteza.

Ila bibi hakucheka. Alikaa mlangoni, kile kiganja kilichoungua amekikumbatia kifuani. "Umeniua," akaniambia. "Mtu akija kwangu na adabu namna hiyo namjua. Hivyohivyo walikuja siku ya mama yako. Shikamoo, unaendeleaje, kaa kwanza. Usije tena hapa na saikolo yako." Nikajaribu kutaja macho. Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi Bariadi na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo. Nilikuwa nimemkosea na nilikuwa nimepoteza siku.

Jumamosi darasani tukaulizwa zoezi limekwendaje. Mgambo, ambaye ni mkali, alikuwa ameacha ukali, watoto wake wakadhani ni mgonjwa. Mimi nilipoeleza msiba wangu darasa lilivunjika mbavu, katekista alilazimika kutoka nje. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema jambo lililonifanya nimheshimu. "Sikujua," akasema. "Kwetu bibi tunamwamkia tu, basi." Halafu akaniuliza, "Ulipoweka utani chini, ulijisikiaje?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha tayari, liko ulimini. Likagoma kutoka. "Nilijisikia kama sina pa kuingilia," nikasema. "Bibi sijui kumwingia kwa mlango mwingine."

Mwalimu akasema, "Basi rudi na utani wako. Ila ukimuuliza swali, funga mdomo. Usimsaidie kujibu."

Nesi rafiki yangu alikuwa ameniambia kambi imeanza na watu ni wengi. Mjomba akapiga simu akasema atakuja na vijana wenye nguvu wamnyanyue mama yake wamtie kwenye gari, liwalo na liwe. Nikamwambia ngoja. Jumatatu nikafunga duka, nikanunua sukari na ugoro, nikapanda bodaboda. Nilijua siku ile akikataa hakuna siku nyingine.

Kwenye mikatani nikapaza sauti. "Kikongwe! Nasikia juzi uliitisha msiba ili unywe uji wa bure!"

Kimya. Nikafika mlangoni. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wewe mke mkubwa uliyeishiwa meno!"

"Karibu, mchawi," ikatoka sauti ndani. "Umekuja kuniua tena, au leo unaua kuku?"

Jamani, nilikaribia kuanguka kwa furaha. Nikaingia nikakaa naye chini. Alikuwa na rundo la viazi vitamu, anakata vipande vya kuanika michembe, na anakata kwa kupapasa, kisu kikipita karibu na vidole hadi nikafumba macho. Nikamnyang'anya kisu. Akachukua ugoro wake. Tukachambana kama kawaida. Nikamwambia, "Wewe kataa tu kutibiwa. Ukishakuwa kipofu kabisa nakuletea mume mpya. Nitakwambia ni kijana wa jeshi, kumbe nimekuokotea mzee wa mnadani, hana hata mswaki." Alicheka, akapiga chafya ya ugoro, akacheka tena. Machozi yalimtoka kwenye yale macho yenye ukungu.

"Na wewe unadhani hutapata hasara?" akasema. "Wakinifungua jicho nitakuona."

"Si ndiyo vizuri unione?"

Hakujibu. Nikawa na maneno kama matano ya kuchekesha, yote mazuri, yamepanga foleni. Nikafunga mdomo. Nikakata kiazi. Nikakata kingine. Kuku aliingia akatoka. Sijawahi kunyamaza namna ile maishani mwangu, na kwa kweli ilikuwa inaniuma hadi kwenye taya.

"Ukisimama pale mlangoni," bibi akasema mwishowe, "jua linakuwa nyuma yako. Mimi naona kivuli tu. Sauti ni ya mama yako. Kukohoa, mama yako. Hata kelele zako za njiani, na yeye alikuwa hivyo, mtu hawezi kulala. Najua ni wewe, usidhani nimerukwa na akili. Ukikaa chini unakuwa wewe. Lakini pale mlangoni, kabla hujaingia, unakuwa yeye kidogo. Ndiyo maana nakuacha upige hodi mara ya pili."

Mimi nilikuwa nadhani masikio yake nayo yanakwenda, kama macho.

"Sasa wakilifungua," akasema, "atakuwa hayupo tena. Na mimi nilishamzika mara moja."

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilikumbuka darasa, nikamshika mkono, nikasema jambo la hekima. Wala! Nilipandwa na hasira. Ilinitoka tumboni hata mimi sikuijua, nikatupa kisu kwenye ungo.

"Kwa hiyo mimi nikija huwa hunioni?" nikasema. "Miaka yote hii nakuja mimi! Nakula vumbi lote hili mimi! Mama hajakuletea sukari, hajakuletea ugoro, amelala kule makaburini, hajui kama umeungua mkono! Mimi ndiye niliyeona huo mkono nikashindwa kula. Mama ni wangu pia, na mimi nimebaki hivihivi, sina hata kivuli chake cha kukiona mlangoni! Nataka unione mimi, bibi. Mimi! Mara moja tu, kabla hujafa au sijafa!"

Na nikalia. Si ule wa kuchekesha. Nililia kilio kibaya, cha kamasi, ambacho kwenye msiba wa mama sikukilia kwa sababu nilikuwa nahudumia wageni na kuwachangamsha. Hakuna mzaha hata mmoja ulionijia. Na katikati ya kulia nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakitafuta kila Jumamosi: nilikuwa nawachekesha watu ili waangalie kile kichekesho, halafu nalalamika moyoni kwamba hawanioni mimi.

Bibi akapapasa mkekani hadi akapata goti langu, akalishika kwa ule mkono wenye kovu.

"Hasira hizi," akasema, "ni za baba yako kabisa."

Baba yangu anaishi Maswa na bibi hajawahi kumpenda tangu siku ya mahari. Kwa hiyo hilo halikuwa sifa. Lakini nilipangusa pua nikaona kwamba katika kuongea kwetu kote, hiyo ndiyo mara ya kwanza kunifananisha na mtu mwingine asiye mama.

"Haya," akasema baadaye, viazi vimeisha. "Kuku wangu watalala kwa jirani. Twende tukamwone huyo anayetaka kuonekana. Ukiwa mbaya nitaomba walirudishe."

Tulilala Bariadi kwangu. Asubuhi tukapanga foleni na wazee wa Simiyu yote, kila mmoja na mjukuu au mkwe wa kumshika mkono. Bibi alimuuliza daktari kama ameoa, na akiwa amewekewa dawa ya ganzi akamwambia mikono yake inanuka sabuni ya bei ghali. Nilikuwa nje ya mlango, nimeshikilia kanga yake. Nilikuwa naogopa wasije wakatoka na kusema tumechelewa, na niliogopa zaidi kwamba hatujachelewa. Kwani nilikuwa nimemwomba nini bibi yangu? Nilikuwa nimemwomba ampoteze mtu.

Kesho yake wakamfungua. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vimekaribiana, mwanga umeingia kwa madirisha yote. Nesi akabandua plasta taratibu, akamfuta, akamwambia afumbue. Bibi akafumbua. Akapepesa. Akatazama kiganja chake mwenyewe kwanza, kovu lote, akaguna. Akatazama dari. Kisha akanitazama mimi.

Alinitazama muda mrefu hadi nikaona aibu. Ukoo mzima unasema mimi ni mama yangu mtupu, nimekua nikiambiwa hivyo, picha yake naijua kuliko kioo. Bibi akainua mkono akanigusa paji la uso, akashuka na pua, akanishika kidevu akanigeuza upande wa dirishani.

"Hufanani naye," akasema.

"Hata kidogo?"

"Masikio, labda. Pua ya baba yako. Mungu alikuonea."

Sikucheka, naye hakucheka. Machozi yalianza kumtoka, nesi akasema mama usilie utaharibu kazi ya watu, bibi akamwambia aende kwa wagonjwa wake. Alilia huku jicho liko wazi, hakulifumba, hakuniachia kidevu. Nami nilikaa pale nikaangaliwa. Ilikuwa ngumu, lakini nilikaa.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Meatu, yeye bado amefungwa macho yote, alikuwa anasikiliza. Akauliza kwa upole, "Huyo aliyekuja kukuona ni binti yako?"

Tangu mama atutoke, bibi hakuwahi kulitamka lile neno, binti. Alikuwa akisema mama yako, au yule aliyetangulia, au ananyamaza tu. Nikamshika mkono nikitaka kumjibia yule mama mimi, ili nimwondolee bibi shida. Bibi akaniminya vidole ninyamaze.

"Binti yangu alikufa," akasema. "Huyu ni mjukuu wangu. Ndiyo kwanza namwona."